Mti wa Abel

Magdalena alianza na mti wa Abel, kama kila asubuhi. Akamwaga maji taratibu shinani, akang'oa magugu mawili matatu, akasema, "Umeamkaje, mwanangu?" Kisha akahamia kwa Anastasia.

"Leo anakuja mgeni kutoka mjini," akamwambia. "Usiniaibishe kwa majani yako makavu."

Anastasia alikuwa jirani yake tangu ujana, na hakuwahi kukosa neno la kumrudishia. Siku hizi hamjibu kabisa. Inauma, jamani, kuongea peke yako mlima mzima.

Maji aliyateka bondeni kwa ndoo, akapanda nayo mteremko wa Mgeta unaowachosha hata mbuzi. Angeweza kuacha. Lakini ofisi ya mazingira ilishasema: mlima ni wa jamii, na jamii ndiyo itakayoulinda. Ukuta wa mawe juu ya kitongoji utajengwa watu wakishatimiza sehemu yao, kila mmoja na mparachichi wake. Magdalena aliutaka ukuta ule kuliko chakula. Masika yalikuwa njiani, na udongo wa juu ulikuwa bado haujatulia.

Jua lilipochangamka, Christina, afisa mpya wa mazingira, akafika akihema.

"Shikamoo, bibi. Poleni na yale maporomoko ya mwaka jana."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa."

Christina akapita katikati ya miche akitabasamu. Alikuwa mtu mwema, hilo lilionekana.

"Huu wa nani?"

"Wa Anastasia."

"Na ule?"

"Wa Twalibu, yule mpakia kabichi."

"Mnajituma. Kwingine miche yote imekauka. Ila matuta yenu mafupi, bibi. Tulielekeza yakate mteremko mzima, yazuie maji."

"Yalichimbwa haraka haraka," Magdalena akasema. "Yalitosha."

"Na wenzako mbona hawakuja? Ukuta ni wao pia. Haiwezekani mzigo wote akaubeba bibi mmoja."

Magdalena akaitazama ndoo yake tupu. Miezi yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo.

"Wapo," akasema.

Christina akatoa simu. "Wakubwa wanataka kuiona jamii yenyewe ndipo waruhusu ukuta. Nitaanza na mwenye mti uliostawi kuliko yote. Huu hapa. Wa nani?"

"Wa Abel. Kitinda mimba wangu."

"Basi mwite, asimame hapa nilipo, nimpige picha."

Magdalena akapiga magoti. Akaushika mguu wa mgeni kwa upole, kama anayemvua mtoto kiatu.

"Sogea kidogo, mwanangu," akasema. "Umemkanyaga kifuani."