Miezi Minne na Siku Kumi

Siku Mwanatumu alipotoka eda ya mumewe, wifi yake Rukia alimwekea viatu kando ya kitanda, katika chumba cha chini.

"Shuka polepole, wifi. Usije ukakitonesha kisigino."

Mwanatumu alikanyaga sakafu huku amejikaza, kama alivyojikaza kila asubuhi kwa miaka sita. Hakikuuma.

Daktari alishamwambia kisigino hicho hakitaki kisu, kinataka mapumziko: akae miezi minne, avute vidole kwa kanga, aviringishe wayo juu ya chupa ya barafu. Mwanatumu alimcheka. "Nikikaa, bwana wangu atageuzwa na nani kitandani?" Akaendelea kupanda ngazi akichechemea, hatua moja nzito, moja nyepesi, na mgonjwa akizisikia huita kutoka juu, "Ndo wewe, mke wangu?"

Katika eda alikaa. Chupa alikuwa akiletewa na Rukia kila alasiri.

"Alhamdulillahi, umepona!" Rukia alisema.

Mwanatumu alishika ukuta, akaanza kupanda ngazi akichechemea, hatua moja nzito, moja nyepesi, na alipofika juu akasimama nje ya mlango, akasikiliza.