Futi Sitini za Mzee Nyangweso

Daraja lilijengwa juu ya meza ya mkahawa huko Al-Baghdadiyah, Jeddah, kwa vijiti sita vya kukorogea chai. Jackton alilaza kijiti cha mwisho, akasimamisha pakiti mbili za sukari ziwe nguzo, kisha akamwaga chai kidogo katikati. Huo ndio ulikuwa mto.

"Hapa," alisema, akigonga meza kwa kidole. "Mbele ya lango la babu yangu Nyangweso. Si kwa babu yako Sigu. Bisha tena!"

Binamu yake Alfayo, mlinzi wa jengo moja kule Al-Hindawiyah, alisogeza mkono mto usimloweshe.

Walikuwa wamebishana miaka miwili. Kundi lao la WhatsApp, Mizizi ya Ukoo, lilianza kwa nia njema: Wakenya kumi na wanne wa ukoo mmoja, waliotawanyika Riyadh na Jeddah, wakikumbushana majina ya mababu, kinu cha kusagia mahindi na jiwe la kunolea mapanga. Kisha mtu akataja daraja la mbao lililosombwa na mafuriko ya mwaka wa sitini na moja, na historia ikageuka vita. Jackton alisema babu yake ndiye aliyelijenga, mbele ya boma lake. Alfayo alisema ni babu yake, mbele ya boma lake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona, ila hilo halikumzuia mtu kusema.

Jackton ndiye aliyezidi. Eucabeth, aliyefanya kazi za ndani hapo Jeddah, alipotuma sauti ya nyanya yake akisema hakumbuki vizuri, Jackton alijibu kwamba kusahau nako ni wivu. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la familia moja Riyadh, na humo garini, akimsubiri madam atoke madukani, ndimo alimomtunga babu. Mwaka wa kwanza Nyangweso alikuwa nyapara. Mwaka wa pili alikuwa amekwisha kuwa mhandisi.

Sasa serikali ya kule nyumbani ilitaka kujenga daraja jipya na kufufua barabara ya zamani. Ramani zilikuwa zimepotea, hivyo ofisi ikatoa fomu: wajukuu waeleze daraja lilikuwa wapi, watie sahihi, na barabara itaitwa jina la aliyejenga. Jackton alipofika kwenye mstari huo hakusoma mwingine. Bosi wake alipomtaka ampeleke Jeddah kutibiwa meno, Jackton aliona Mungu mwenyewe amemfungulia njia.

Alfayo akatoa fomu kutoka kwenye bahasha. "Nimeichapisha. Iko na maandishi mbele na nyuma. Isome yote, omera, ndugu yangu."

"Sina muda. Bosi anatoka kwa daktari saa tano, na akitoka na ganzi mdomoni anakuwa mkali sana. Sema tu, unakubali ama hukubali?"

"Nakubali. Daraja lilikuwa kwenu."

Miaka miwili ya matusi, na ushindi umekuja hivyo tu, kama chenji. Jackton alihisi amepunjwa, akaendelea kupigana peke yake.

"Na bado mawe ya nguzo yako pale! Hatua nane kutoka kwa mlango wangu. Unafikiri nilijenga nyumba pale kwa nini? Miaka saba ya usukani, lakini leo mamangu anakunywa chai kwa sebule ya maana, akiangalia kazi ya babu."

"Nayajua hayo mawe. Sasa wanauliza upana wa barabara." Alfayo alishika kalamu. "Niandike futi kumi? Ilikuwa njia ya ng'ombe tu."

"Ng'ombe?" Watu wa meza ya pili waligeuka. "Mzungu ampe babu yangu kazi, halafu ajenge njia ya ng'ombe? Andika thelathini."

"Thelathini?"

"Ona vile unashtuka! Andika sitini. Malori mawili yalikuwa yanapishana, na katikati mtu anapita na baiskeli."

"Jackton, geuza ukurasa kwanza."

"Yalla, andika! Sitini! Halas!"

Alfayo aliandika sitini. Jackton alitia sahihi ndefu yenye mkia, akaipiga picha, akairusha kwenye kundi. Kisha, kwa huruma ya mshindi, akamwagizia mwenzake chai ya pili.

"Usijali, mtoto wa Sigu. Kwa barabara yetu utapita bure."

Alfayo alicheka mpaka akapaliwa.

Miezi miwili baadaye Jackton alikuwa ameegesha gari Al-Dirah, Riyadh, madam akiwa ndani ya duka la vitambaa, simu ilipolia. Alikuwa Rita, mkewe, akipiga kutoka nyumbani.

"Wapimaji wamekuja," Rita alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Wamekuja na karatasi yako. Nimewaambia hii ilikuwa njia ya ng'ombe, wakanionyesha sahihi."

"Wamepima sitini?"

"Sitini kamili. Mama analia tangu asubuhi."

"Hata mimi ningekuwa hapo ningelia," Jackton alisema, na kweli macho yalimlengalenga. "Jina la babu wameandika?"

"Wameandika. Nimekutumia picha."

Aliifungua. Kwenye ukuta wa sebule yake, kutoka dirisha hadi dirisha, palikuwa na X kubwa ya rangi nyekundu, na chini yake, kwa herufi nadhifu: BARABARA YA NYANGWESO. BOMOA. SIKU 30.