Hatua ya Nne

Mtafiti kijana alisoma tena alichoandika kwenye programu ya kupanga vipimo. Hatua ya nne: nyuzijoto tisini na tano. Ilitakiwa thelathini na saba. Na mpango ulishafika maabara tangu asubuhi.

Vichupa sitini vya damu ya watoto wachanga! Nani angethubutu kurudi kuwatoboa tena?

Hakungoja kusoma zaidi. Alitimua mbio mpaka kiatu kimoja kikabaki kwenye ngazi. Maabarani, yule fundi mkongwe aliyeapa kwamba atastaafu bila kuigusa kompyuta alikuwa ameketi, amekunja mikono.

"Mzee wangu, umeshavipasha moto?"

Fundi alifungua friza, akamtolea trei. Vichupa vyote vilikuwa bado vimeganda kwa barafu, vimevaa ukungu mweupe. Kijana aliibandika trei shavuni, akaiacha imchome kwa baridi, huku akicheka na kulia.

"Sasa mbona hukunipigia?"

"Nilikuandikia," fundi alinung'unika, akitazama pembeni.

Kijana akageukia skrini ya kompyuta. Chini ya hatua ya nne palikuwa na maoni ya mzee, ya kwanza tangu programu iletwe:

"Mwanangu, tunapima damu au tunapika supu?"