Mlio wa Gitaa la Mzee Mbwilo

Kabla ya alfajiri nilisikia amplifaya ikivuma taratibu sebuleni. Tunu, fundi wa Hifadhi ya Milio, alikuwa ameleta mlio wa gitaa la marehemu mume wangu. Sheria inaturuhusu kuusikia mara moja kwa mwaka, na kila unapopigwa hupungua kidogo.

“Bibi, hizi pedali za kubadili mlio nizipange kwa utaratibu wa kawaida?”

“Zipange kama alivyozipanga yeye. Mwangwi kwanza, mkwaruzo baadaye. Wapiga gitaa wenzake walimcheka kwa kuzipanga kinyume, mpaka wakachoka.”

Akatii bila kucheka. Gitaa likaimba. Mwaka jana tulimsikia mume wangu akikohoa kabla ya kiitikio. Leo hakukohoa.

Tunu aliona nimeinama. “Tusipoupiga, Bibi, utabaki.”

“Utabaki kwa nani?” Nikamfungia mihogo ale njiani. “Mwakani uje tena, mjukuu wangu.”