Aina Haikubaliki

"Aina haikubaliki." Yale maandishi mekundu yakamtazama tena Kipkemoi, naye akaipiga kompyuta kofi kana kwamba ni mtoto mkaidi.

Alikuwa kwenye benchi la korido ya hospitali, Molo, baridi ikimtafuna vidole. Nyuma ya mlango, mume wa mama yake alikuwa akijikunja kwa maumivu. Utumbo ulikuwa umejifunga. Daktari wa upasuaji yuko tayari. Kilichobaki ni mfumo wa bima ya ushirika wa maziwa useme ndiyo. Mama yake, Jepleting, ni mwanachama, kwa hiyo mume wake alistahili kutibiwa. Na mtunzaji wa mfumo huo alikuwa Kipkemoi mwenyewe.

Ila kiini chake kiliandikwa na kampuni fulani ya Nairobi, kikafungwa kisibadilishwe. Humo, mume hakuwa mume mpaka apite kwenye konstrakta, ule mlango ambao kila kitu hupitia ili kizaliwe ndani ya programu. Na konstrakta hiyo ilipokea aina moja tu ya mtu, ile waliyoizoea wao.

Akampigia simu Mathenge, mwenzake wa ofisini.

"Boss, umeangalia data?"

"Jina ni sawa. Kitambulisho ni sawa. Tarehe ni sawa."

"Basi mgonjwa wako ndiye mbovu!" Mathenge akacheka.

"Usinichezee! Huyu alimwoa mama mbele ya ukoo mzima. Jina la boma lake ndilo ninalolibeba. Leo afe kwa sababu ya kompyuta?"

Kicheko kikakatika. "Pole, ndugu yangu. Jaribu kulazimisha."

Alilazimisha, programu ikaanguka. Akaiacha tupu nafasi ya mume, ikamrudishia yale maandishi mekundu. Akataka kuibomoa ile kazi ya Nairobi na kuiandika upya, akakuta kufuli.

Jepleting akachungulia mlangoni, macho yamevimba. "Kipkemoi, mzee ameanza kutetemeka. Anakuita."

"Mwambie nakuja, mama. Mwambie avumilie!"

Akainamia kompyuta, machozi yakidondoka kwenye vibonye. Sehemu ya mume ndiyo waliyoifunga. Ile aina waliyoidai mlangoni, hiyo walisahau kuifunga. Akaunda aina yake mwenyewe, mrithi halali wa ile ya kwao ili mlango uitambue, na ndani yake akamweka mzee vile alivyo, bila kumbadilisha hata herufi moja. Akaipeleka kwenye konstrakta. Akafumba macho.

Ikapokelewa.

Mhudumu wa chumba cha upasuaji akaja mbio na machela. "Bima imekubali! Mume wa Jepleting yuko wapi?" Akausukuma mlango, akaangaza kitanda hadi kitanda. "Mbona hapa ni wodi ya wanawake?"

"Ni huyu," Jepleting akasema, na taratibu akamfungua kitambaa cha kichwa yule ajuza aliyemtolea mahari, kwa ile mila ya ukoo ya mwanamke kumwoa mwanamke.