Kichwa Kinachokuja na Wifi

Tangu Salha atoke hospitali na mwanawe, kichwa chake kilikuwa kinakuja na wifi yake. Zuhra akibisha hodi, Salha anaketi kumpokea kwa adabu, na papo hapo kichwa kinatwangwa kama kisamvu. Zuhra akiaga, Salha anajilaza, maumivu yanakwisha.

"Huyo wifi yako ana jicho," mama yake Salha alisema, akafukiza ubani mpaka mtoto akapiga chafya.

Akaja mkunga, Bi Tausi. Akapima presha, ikawa nzuri. Akamlaza Salha, kichwa kikatulia. Akamwambia aketi.

"Mama wee!" Salha akapiga kelele.

Mama akachungulia mlangoni. Zuhra hakuwapo.

"Ni ile sindano ya ganzi ya mgongoni, ulipopasuliwa," Bi Tausi alisema. "Imeacha kitundu, maji ya uti wa mgongo yanavuja; ndiyo maana ukiketi kichwa kinaanza. Lala, unywe maji, nami nitamweleza daktari."

Alasiri Zuhra akabisha hodi. Salha hakuinuka, alipigapiga godoro kando yake. Zuhra akacheka, akajinyoosha hapo, mtoto katikati yao.

Mama akaenda chumbani kwake, akarudi na mto wake mwenyewe, akauingiza chini ya kichwa cha Zuhra.