Patasi ya Rumonge

Boti la wakimbizi lilipofika Kagunga, mwambao wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika, Haruna, fundi boti, alipitisha kidole kwenye maungio ya mbao, akaganda. Pamba ya kuzibia nyufa ilikuwa imesukwa kama nywele kabla ya kushindiliwa. Aliyeziba hivyo alikuwa mtu mmoja tu: mzee aliyemfunza kazi kule Rumonge, Burundi, alikokwenda Haruna ujanani bila kuulizwa kibali.

"Nani kaziba hapa?"

"Ni mimi, mzee," alijibu binti mmoja. "Babu alinifundisha. Wavulana vita iliwamaliza."

Haruna akachomoa patasi aliyopewa na mzee yule siku ya kuhitimu, akamwekea binti mkononi. Kidole gumba cha binti kikalala sawasawa kwenye kibonde kilichochimbwa mpinini na kidole cha babu yake.

Askari aliyesimamia foleni ya wakimbizi akanyoosha mkono.

"Lete. Chuma hakiingii kambini. Na huko hakuna ziwa."